Dawa ya Deni Ni Kulipa, Isipokuwa Deni la Washington

Mwaka 1989 mfanyabiashara wa majengo mjini New York, Seymour Durst, alitundika karibu na Times Square saa kubwa ya umeme isiyotaja saa. Ilionyesha deni la serikali ya shirikisho ya Marekani, tarakimu za mwisho zikikimbia hadi jicho lishindwe kuzifuata, na chini yake fungu ambalo kila familia ingeangukiwa nalo kama deni lingegawanywa nyumba kwa nyumba. Wakati huo lilikuwa dola trilioni 2.7 hivi. Mwaka 2000 saa ikazimwa na kufunikwa: deni lilikuwa limeanza kupungua, na mtambo haukutengenezwa kuhesabu kinyumenyume. Mwaka 2002 ikawashwa tena. Mwaka 2008 deni likapita trilioni 10, tarakimu zikazidi nafasi, ikabidi alama ya dola iondolewe ili tarakimu ya 1 ipate pa kukaa.

Oktoba 2025 deni hilo lilivuka dola trilioni 38. Humo mna trilioni 7 na ushei ambazo serikali inajidai yenyewe, mfuko wake mmoja ukiwa umeukopesha mwingine. Zilizobaki ndizo zinazokosesha watu usingizi, kwa sababu wadai ni benki, mifuko ya pensheni, wananchi wa kawaida, Benki Kuu ya Marekani na serikali za nje kama Japani na Uchina. Deni hili la pili pekee linakaribia kulingana na pato lote la taifa kwa mwaka. Mwaka 2007, kabla benki za Wall Street hazijaporomoka, lilikuwa asilimia 35 tu ya pato hilo.

Ndiyo maana wito wa kuifunga serikali kamba, isikope wala isitumie kupita kiwango fulani, hauishi. Kila uchaguzi unafufuka. Kwa maoni yangu wanaoutoa wito huo wameutambua ugonjwa sawasawa, ila kwa miaka mingi wameng'ang'ania kuifunga kamba mahali ambapo haizuii kitu.

Tuanze na usemi wetu, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Huo ni usemi wa duka la mtaani, la mwenye daftari lenye majina yetu, na dukani ni kweli tupu. Washington haijaishi hivyo. Imewahi kulimaliza deni lake mara moja tu, Januari 1835, chini ya Rais Andrew Jackson, aliyeyachukia madeni kama alivyozichukia benki. Miaka miwili baadaye ukaja mtikisiko wa 1837, benki zikafunga milango na uchumi ukadorora kwa miaka kadhaa. Sisemi kwamba kulipa deni ndiko kulikoleta balaa hilo. Sababu zilikuwa nyingi, ulanguzi wa ardhi ukiwemo. Ila neema iliyotarajiwa nayo haikuonekana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1946 deni lililo mikononi mwa wadai wa nje ya serikali lilikuwa asilimia 106 ya pato la taifa. Mwaka 1974 lilikuwa asilimia 23 hivi. Hapo katikati hakuna aliyekaa akazirudisha dola zile. Hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa na serikali, ikiiva, serikali iliuza nyingine na kumlipa mwenye ile ya kwanza, mchezo ambao kwa mtu binafsi tungeuita kuziba tundu kwa kutoboa jingine. Deni likawa linasogea taratibu, uchumi ukirefuka na bei zikipanda, mpaka likawa kama nguo ya utotoni kwa kijana aliyebalehe akarefuka.

Kwa hiyo kinachomhusu mbeba mzigo huyu ni mbio mbili: riba inakwenda kwa kasi gani, na pato linakua kwa kasi gani. Mwaka 2019 Olivier Blanchard, aliyewahi kuwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, aliwaambia wachumi wenzake wa Marekani kwamba riba ikiwa chini ya kasi ya ukuaji, deni la serikali huenda lisiwe na gharama kubwa kama walivyofundishwa. Alitoa tahadhari zake pia, lakini wanasiasa ni watu wa kusikia nusu ya kwanza. Fedha zilikuwa karibu na bure. Ikaja korona, Machi 2020 Bunge likapitisha dola trilioni 2.2, na nakisi, yaani pengo la matumizi yaliyozidi mapato, kwa mwaka huo wa fedha ikafika trilioni 3.1. Machi 2021 likaongeza trilioni 1.9. Hundi za dola 1,200, kisha 600, kisha 1,400 zikaingia majumbani.

Halafu bei ya fedha ikapanda. Chukua hatifungani moja ya miaka mitano iliyouzwa katikati ya mwaka 2020 kwa riba isiyofika nusu asilimia. Kwa kila dola bilioni moja, serikali ilikuwa ikilipa chini ya milioni 5 kwa mwaka. Mwaka 2025 hatifungani hiyo imeiva. Fedha za kumlipa mwenyewe hazipo, kwa hiyo inauzwa nyingine ya kiasi kilekile, safari hii kwa riba ya karibu asilimia 4. Bilioni ni ileile, haikujenga daraja jipya wala haikumlipa mwalimu yeyote mpya, lakini sasa inadai karibu milioni 40 kila mwaka. Zidisha hayo kwa matrilioni yanayoiva mwaka hadi mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2024 riba ilimeza takriban dola bilioni 880, zaidi ya bajeti ya jeshi, na jeshi lenyewe ni lile lenye manowari za kubeba ndege kwenye bahari zote kubwa.

Hapa ndipo hoja ya wanaotaka kikomo inaposimama imara. Riba hailali, na haingoji kupigiwa kura. Mradi wa barabara unaweza kuahirishwa, mshahara unaweza kuchelewa, lakini riba ikichelewa siku moja dunia nzima inajua. Inakaa mbele ya foleni, na wengine wote wanagawana kilichobaki. Halafu foleni yenyewe inarefushwa kwa kukopa tena ili kulipa riba. Mwaka huo wa 2024 serikali ilikusanya dola trilioni 4.9 na kutumia 6.75. Haikuwa mwaka wa vita wala wa ukame wa ajira. Ulikuwa mwaka wa kawaida, watu wakiwa kazini, uchumi ukikua. Mtu anayekopa siku ya mavuno atafanya nini siku ya njaa?

Swali hilo lina uzito kuliko hofu ya kufilisika inayotangazwa redioni. Mwaka 2008 na mwaka 2020 Marekani iliweza kumwaga fedha kwa sababu kulikuwa na nafasi ya kumwaga. Ukianza msukosuko ukiwa na deni la asilimia 35 unaweza kukopa bila kumtisha mtu. Ukiuanza na deni la asilimia 100, wakopeshaji watauliza maswali. Isitoshe, fedha zile za 2021 hazikupita bila gharama. Juni 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1, mkubwa kuliko wowote kwa miaka arobaini. Si deni peke yake lililousababisha, kulikuwa na bandari zilizoziba na vita vya Ukraine, lakini aliyeonya mapema kwamba dawa imezidi kipimo hakuwa mpinzani. Alikuwa Larry Summers, waziri wa fedha wa zamani wa chama hichohicho cha Rais Joe Biden.

Iko na hoja ya kale zaidi. Novemba 1798 Thomas Jefferson, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, alimwandikia rafiki yake John Taylor kwamba angetamani marekebisho mamoja tu ya katiba: serikali ya shirikisho inyang'anywe uwezo wa kukopa. Hasimu wake, Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, alikuwa ameshafanya kinyume chake. Mwaka 1790 aliyabeba madeni ya vita ya majimbo yote na kuyafanya ya taifa, akiamini kwamba taifa changa linaloaminika kwa wakopeshaji ndilo litakaloishi. Hamilton alishinda. Lakini wasiwasi wa Jefferson ulikuja kupewa maelezo ya kisayansi na James Buchanan, mchumi wa Tennessee aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwanasiasa, alisema, ni mtu kama muuza nyanya, anatafuta maslahi yake. Kutumia kunampa kura, kutoza kodi kunamnyang'anya. Mkopo unamwezesha kufanya la kwanza bila la pili, na atakayelipa bado hajazaliwa, hana kadi ya kupigia kura. Kukopa harusi kulipa matanga, na hapa matanga wameachiwa wajukuu.

Nikiri kwamba hoja hii hainitoki kichwani. Historia ya miaka ya karibuni inaithibitisha bila kujali chama. George W. Bush alikata kodi mwaka 2001 na 2003, akapigana vita viwili kwa mkopo. Barack Obama alikopa kuuzima moto wa 2008. Donald Trump akakata kodi mwaka 2017 uchumi ukiwa mzima kabisa, Biden akaja na yake, Trump akarudi na yake. Kila mmoja alilalamikia deni alipokuwa upinzani.

Sasa upande wa pili, ambao haukosi vichwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba serikali si kaya. Mimi nikidaiwa dola, dola ni lazima niitafute. Marekani inadaiwa kwa fedha inayoitengeneza yenyewe. Na hatifungani zake ndizo ghala la dunia. Benki kuu za mataifa, kampuni za bima, mashirika makubwa, wote wanaziweka humo akiba zao kwa kuwa hawajapata pengine pakubwa na salama kama hapo. Japani imekaa miaka mingi na deni linalozidi mara mbili ya pato lake, na mbingu hazijaanguka.

Hoja yao ya pili nzito zaidi ni ya majira. Uchumi ukianguka, mapato ya kodi yanaanguka nao, na watu wasio na kazi wanaongezeka. Kikomo kigumu kinailazimisha serikali kubana matumizi saa ileile ambayo kila mtu mwingine anabana, hivyo mdororo unazaa mdororo. Mwaka 1937 Franklin Roosevelt aliona uchumi umepata nafuu, akapunguza matumizi ili bajeti ikae sawa, na Benki Kuu nayo ikakaza. Kufikia 1938 ukosefu wa ajira ulikuwa umepaa tena. Karibu majimbo yote 50 yana sheria ya kutokuwa na nakisi, Vermont ndiyo inayotajwa kila mara kama isiyokuwa nayo, na wanaotaka kikomo husema: mbona majimbo yanaweza? Yanaweza kwa sababu nyuma yake yupo mwenye mkoba usiofungwa. Baada ya 2008 majimbo yalipunguza walimu, na wangepungua zaidi kama Washington isingekopa na kuyatumia fedha za kuwabakiza madarasani.

Kuhusu kiwango ambacho deni likivuka linakuwa sumu, hakuna anayekijua. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ukuaji wa uchumi huporomoka deni likizidi asilimia 90 ya pato. Wanasiasa wa Washington na Ulaya wakaishika namba hiyo kama aya. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akiwa katika zoezi la darasani alishindwa kuipata hesabu yao, akawaomba faili, akaona kwamba kwenye jedwali la kompyuta nchi tano zilikuwa zimeachwa nje ya wastani kwa kukosea kuburuta. Ukuaji hupungua kidogo deni likiwa kubwa, hilo lilibaki, lakini ule ukuta wa asilimia 90 haukuwapo.

Basi kamba ifungwe wapi? Marekani tayari inayo moja, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye habari: kikomo cha deni. Kilianzia katika sheria ya mwaka 1917 ya kugharimia vita, na mwaka 1939 kikawa kiwango kimoja cha jumla, dola bilioni 45. Ukikisikia kwa mbali utadhani kinazuia matumizi. Hakizuii. Bunge lenyewe ndilo linalopitisha matumizi na ndilo linalopanga kodi. Tofauti ikishapatikana, kukopa ni hesabu tu. Kikomo kinakuja baadaye kuuliza kama serikali iruhusiwe kulipa yale ambayo Bunge limeshaagiza. Ni sawa na mteja aliyekula wali kuku kwa mama ntilie, akanawa mikono, kisha akiletewa hesabu akatangaza kwamba kuanzia leo anabana matumizi.

Kwa hesabu ya Wizara ya Fedha yenyewe, tangu 1960 kikomo hicho kimeinuliwa, kimeongezwa muda au kimeandikwa upya mara 78, zikiwemo 49 chini ya marais wa Republican. Mwaka 2011 mvutano uliachwa ufike ukingoni. Makubaliano yakawa sheria Agosti 2; siku tatu baadaye wakala wa kupima uaminifu wa wakopaji, Standard & Poor's akaishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la ukopaji, mara ya kwanza katika historia yake. Wakaguzi wa serikali wakaja kukadiria kwamba kwa mwaka huo wa fedha, kule kuchelewa peke yake kuliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3. Kifaa cha kupunguza deni kikaliongeza. Fitch akafuata mwaka 2023 baada ya mvutano mwingine, na Moody's Mei 2025. Katika vipindi hivyo hata wasomi wanaoheshimika walijadili kwa dhati kufua sarafu ya platinamu ya dola trilioni moja ili kukikwepa kikomo. Sheria inayowafanya watu wazima wazungumze hivyo ina walakini.

Watetezi wake wana la kujibu, nalo tusilipuuze. Bila mvutano ule wa 2011, wanasema, zisingepatikana sheria za kuweka dari kwenye matumizi ya wizara, na kwa miaka michache matumizi hayo kweli yalishuka. Ni kweli. Kisha Bunge likaziinua dari hizo mwaka 2013, 2015, 2018 na 2019, kwa kura za vyama vyote viwili. Na Julai 4, 2025 sheria kubwa ya Trump iliongeza kikomo cha deni kwa dola trilioni 5 kwa mkupuo, ndani ya sheria ileile ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Kufuli na ufunguo katika kifurushi kimoja.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, kuandika katika katiba kwamba bajeti isiwe na nakisi. Machi 1997 marekebisho hayo yalikosa kura moja tu katika Seneti: 66 kwa 34, na zilihitajika 67. Kwangu mimi ile kura moja ilikuwa bahati. Katiba haitofautishi mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa, na mahakama si mahali pa kuamua nani akatwe. Waswisi walipata njia ya kati: tangu 2003 sheria yao inaruhusu nakisi uchumi ukianguka na kudai ziada ukipanda. Wajerumani waliiga wakakaza zaidi mwaka 2009, na Machi 2025 wakalegeza wenyewe ili wanunue silaha na kukarabati madaraja.

Lakini Marekani haihitaji kwenda Uswisi. Ilishawahi kuifunga kamba mahali pake, nyumbani kwake. Mwaka 1988 George H. W. Bush, baba yake George W., akigombea urais aliwaambia wapiga kura wasome midomo yake: hakuna kodi mpya. Mwaka 1990 alikubaliana na wapinzani wake, kodi zikapanda, na sheria ikapitishwa yenye kanuni ya kawaida kabisa: anayetaka kupunguza kodi, au kuongeza mafao ya kudumu, aonyeshe hapohapo fedha zitatoka wapi. Kwa matumizi ya wizara ikawekwa dari ya kila mwaka. Uchumi ukianguka, nakisi inayotokana na kuanguka huko haikuadhibiwa. Kilichobanwa ni uamuzi mpya. Bush alilipia midomo yake mwaka 1992, aliposhindwa uchaguzi.

Agosti 1993 mpango wa bajeti wa Bill Clinton ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 218 dhidi ya 216. Marjorie Margolies-Mezvinsky, mbunge wa muhula wa kwanza kutoka Pennsylvania, alikuwa ameahidi jimboni kwake kuukataa. Alipopiga kura ya kuupitisha, wabunge wa upande wa pili walimpungia mikono wakimwimbia kwaheri, Marjorie. Mwaka uliofuata hakurudi. Kati ya 1998 na 2001 serikali ilipata ziada miaka minne mfululizo, mwaka 2000 ikiwa dola bilioni 236, na ile saa ya Durst ikafunikwa.

Ni haki kusema kwamba sheria haikufanya kazi peke yake. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, jeshi likapunguzwa, na kampuni za intaneti zilikuwa zikimwagia hazina kodi. Hata hivyo kanuni ile ilifanya jambo ambalo kikomo cha deni hakijawahi kufanya: ilimkamata mtu wakati anaagiza, kabla hajala. Iliachwa ife mwaka 2002, ziada ilipowashawishi watu kwamba hawaihitaji tena. Mwaka 2010 ikarudishwa kwa jina, na tangu hapo Bunge limezoea kuikwepa kwa kifungu kimoja mwishoni mwa kila sheria kubwa.

Linabaki suala ambalo wahubiri wa kubana matumizi hawapendi kuliingia: kubana nini? Mwaka wa fedha wa 2024 mafao ya uzeeni na ulemavu yalichukua karibu dola trilioni 1.5. Medicare na Medicaid, yaani matibabu ya wazee na ya wenye kipato kidogo, nyingine kama hizo. Weka jeshi, weka riba, umeshafika trilioni 4.7 kati ya 6.75. Wazee wanapiga kura kuliko kundi lolote, wenye viwanda vya silaha wana wabunge katika kila jimbo, na riba haiguswi. Mkono wa kubana hutelezea kwa wasio na mtetezi.

Mwaka 2025 tuliuona ukiteleza, tena kutoka huku kwetu. Elon Musk, tajiri aliyepewa na Trump kazi ya kubana matumizi, alikuwa ametaja kukata dola trilioni 2, ikawa moja, kufikia Aprili alikuwa anazungumzia bilioni 150. Kilichokatwa mapema na kwa kelele ni misaada ya nje, ambayo kwa miaka imekuwa kama asilimia moja ya bajeti. Shirika la USAID likafungwa rasmi Julai 1. Kenya na Tanzania, wahudumu wa afya waliolipwa kwa fedha hizo walisimamishwa kazi kwa barua za ghafla, na watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi wakawa wanauliza kama mwezi ujao watazikuta. Mwaka wa fedha ulipofungwa, matumizi ya Washington yalikuwa yamefika takriban trilioni 7, juu kuliko mwaka uliotangulia.

Na nakisi yao nayo inatufikia, kwa mlango wa nyuma. Mwekezaji anayepata zaidi ya asilimia 4 kwa kuikopesha Marekani bila kutoka jasho hatakubali kuikopesha Nairobi kwa asilimia 6. Hatifungani ya dola ya miaka kumi ambayo Kenya iliuza mwaka 2014 ilikuwa na riba ya asilimia 6.875. Februari 2024, ilipohitaji dola bilioni 1.5 ili kuikomboa sehemu yake kabla haijaiva, wakopeshaji walitaka zaidi ya 10. Makosa ya Nairobi yamo humo, tena mengi, lakini sakafu ya bei hiyo ilijengwa Washington.

Kuna kikomo kimoja cha kweli ambacho kimo katika sheria ya Marekani na hakitajwi na wanaotaka vikomo. Mfuko wa mafao ya uzeeni hauruhusiwi kulipa zaidi ya ilichonacho akiba yake na kodi inayoingia. Mwaka 1983 akiba ilikuwa imebakiza miezi kuisha. Ronald Reagan na spika Tip O'Neill, watu wasiokubaliana karibu kwa lolote, wakapandisha umri wa kupokea mafao kamili kutoka 65 hadi 67 hatua kwa hatua, wakaharakisha ongezeko la makato ya mishahara, na wakaanza kutoza kodi sehemu ya mafao yenyewe. Ripoti ya wadhamini ya mwaka 2025 inasema akiba hiyo itakwisha tena mwaka 2033, na siku hiyo kila mstaafu ataanza kulipwa asilimia 77 ya anachostahili, bila Bunge kupiga kura yoyote. Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1966 anatimiza miaka 67 mwaka huohuo. Maseneta watakaochaguliwa Novemba 2028 watakuwa bado vitini.